Kisa cha Azusa: Uamsho Uliopoteza Gazeti, Mimbari na Watu Wake

Kati ya Aprili 1906 na katikati ya mwaka 1908, jengo moja la mbao lililochakaa, namba 312 ya Azusa Street mjini Los Angeles, lilipokea waumini weusi, weupe, Wameksiko na wahamiaji wa mataifa mengi, likachapisha gazeti lililosomwa hadi ng'ambo, na kutuma wahubiri Afrika, Asia na pande zote za Marekani. Kufikia mwaka 1914 kusanyiko hilohilo lilikuwa limebaki na waumini wachache, karibu wote weusi, huku madhehebu mapya ya Kipentekoste, mengi yao yakiongozwa na watu waliopita katika jengo lile au waliofundishwa na waliopita humo, yakikua bila kulihitaji tena. Uchambuzi huu unafuatilia kilichotokea katikati ya miaka hiyo.

Jibu lililozoeleka kuhusu kudhoofika huko ni kwamba uamsho huo wa Kikristo ulipigwa vita na magazeti, majirani na makanisa ya zamani. Vita hivyo vilikuwepo, na nitavieleza. Hata hivyo, mtu akiyafuata matukio kwa mpangilio wa tarehe zake ataona kwamba mapigo ya nje hayakulivunja kusanyiko; baadhi yake yaliwaleta watu wengi zaidi. Mapigo yaliyoumiza yalitoka kwa wenzi wa huduma, watu waliopiga magoti pamoja, na mara kwa mara aliyeondoka aliondoka na kitu ambacho kilikuwa kimewaunganisha wote. Swali la nani mwenye mamlaka juu ya vitu hivyo lilikuwa halijawahi kujibiwa, na lilipoulizwa katika nchi ya ubaguzi wa rangi, mchungaji mweusi aliyeliongoza kusanyiko, William Seymour, ndiye aliyebaki mikono mitupu.

William Joseph Seymour alizaliwa tarehe 2 Mei 1870 huko Centerville, Louisiana, katika eneo la mashamba ya miwa. Wazazi wake, Simon na Phillis, walikuwa wameishi utumwani, na baba yake alitumikia jeshi la Muungano katika vita vilivyoukomesha utumwa huo. Seymour aliondoka Kusini akiwa kijana, akafanya kazi ya kuhudumu hotelini Indianapolis, akajiunga na Wamethodisti, kisha huko Cincinnati akaungana na watu wa harakati ya Utakatifu, waliofundisha kwamba mtu aliyeokoka hupokea baadaye neema ya pili ya kutakaswa moyo. Ni katika kipindi hicho alipougua ndui, ugonjwa uliomwachia makovu na kumpofusha jicho la kushoto. Wengi waliomfahamu walimweleza kuwa mtu mpole, asiye na haraka ya kusema, na anayependa kuomba kuliko kuhubiri.

Mwaka 1905 alikuwa Houston, Texas, katika kanisa dogo la Utakatifu lililochungwa na mwanamke mweusi, Lucy Farrow. Farrow ndiye aliyemkutanisha na mafundisho ya Charles Fox Parham, mhubiri mzungu ambaye katika shule yake ya Biblia huko Topeka, Kansas, mwanafunzi aitwaye Agnes Ozman alikuwa amenena kwa lugha, yaani kusema lugha ambayo hakujifunza, tarehe 1 Januari 1901. Parham alifundisha kwamba kunena kwa lugha ndiko kunakothibitisha ubatizo wa Roho Mtakatifu, na kwamba lugha hizo ni lugha halisi za mataifa, zinazotolewa ili wamisionari wahubiri pasipo kusoma. Alipofungua shule Houston, Seymour aliomba kujiunga. Desturi na sheria za Texas hazikuruhusu mweusi na mzungu kuketi darasa moja, na Parham hakuwa mtu wa kuzipinga. Kwa hiyo Seymour alisikiliza masomo akiwa ukumbini nje ya darasa, mlango ukiwa umeachwa wazi. Jambo hili si la kupitwa haraka. Mtu ambaye angekuja kuitwa baba wa imani hii alimlea mwanafunzi wake mkuu akiwa upande wa pili wa mlango, na miaka ya baadaye alilisifu hadharani kundi la wazungu wabaguzi la Ku Klux Klan. Uhusiano uliojengwa hivyo ulikuwa na ufa tangu msingi.

Los Angeles ilikuwa mji wa watu wanaomiminika. Hesabu ya mwaka 1900 ilikuta wakazi 102,479, na ya mwaka 1910 ikakuta 319,198. Katika muda huohuo wakazi weusi waliongezeka kutoka 2,131 hadi 7,599. Miongoni mwa Wakristo kulikuwa na shauku kubwa iliyowashwa na habari za uamsho wa Wales wa mwaka 1904 na 1905. Joseph Smale, mchungaji wa Wabaptisti, alikwenda kuushuhudia na aliporudi akaanzisha makesha na maombi ya muda mrefu, hadi akalazimika kuliacha kanisa lake na kuanzisha jingine. Frank Bartleman, mwinjilisti na mwandishi wa vijikaratasi vya injili, aliandikiana barua na Evan Roberts, kiongozi wa uamsho ule. Kwa maneno mengine, kuni zilikuwa zimekauka kabla Seymour hajafika.

Aliitwa na kikundi cha waumini weusi wa Utakatifu katika Santa Fe Street, kilichoongozwa na Julia Hutchins, baada ya mmoja wao, Neely Terry, kumsikia Houston. Aliwasili tarehe 22 Februari 1906. Alihubiri kutoka Matendo ya Mitume 2:4, kwamba walipojazwa Roho Mtakatifu mitume walianza kusema kwa lugha nyingine, na kwamba aliyetakaswa lakini hajanena bado hajabatizwa kwa Roho. Hutchins na viongozi wa harakati yake waliona kwamba fundisho hili linawaambia waumini wa miaka mingi kwamba wamepungukiwa, na tarehe 4 Machi Seymour alikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Hakuwa na nauli ya kurudia Houston, na, jambo lililomweka katika hali ngumu zaidi, yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kunena kwa lugha. Alikuwa ametangaza ahadi ambayo bado hakuipokea. Namheshimu kwa hili kuliko kwa mengi yaliyofuata, kwa kuwa hakulipunguza neno lake ili apate mahali pa kulala.

Edward Lee, mfagizi mweusi, alimpokea nyumbani kwake, na maombi yakahamia kwa Richard na Ruth Asberry, namba 214 North Bonnie Brae Street. Waliohudhuria walikuwa wafanyakazi wa nyumbani, wafua nguo, wabeba mizigo: watu waliofika usiku baada ya kazi. Tarehe 9 Aprili 1906 Lee alinena kwa lugha. Jioni hiyo wengine wakafuata, akiwamo Jennie Evans Moore, jirani wa mtaa huo, ambaye alipiga kinanda na kuimba kwa lugha ingawa hakuwa amejifunza kupiga. Umati ulikuja hata baraza ya mbele ya nyumba ikaporomoka chini ya uzito wa watu, pasipo mtu kuumia vibaya. Seymour alipokea ubatizo huo wa Roho tarehe 12 Aprili, akiwa miongoni mwa wale waliochelewa.

Nyumba haikutosha tena, ndipo wakapata jengo la Azusa Street. Hapo awali lilikuwa kanisa la Wamethodisti weusi wa Afrika. Baada ya wao kuhama, paa liliungua, na ghorofa ya chini ikawa stoo na banda la farasi. Upana wake ulikuwa kama mita 12 na urefu mita 18, na kodi ilikuwa dola 8 kwa mwezi. Waliondoa takataka, wakamwaga maranda ya mbao kwenye sakafu ya udongo, wakapanga mbao juu ya makasha na mapipa ya misumari ziwe viti. Mimbari ilikuwa makasha mawili ya mbao, moja juu ya lingine, na mashahidi wengi wanasimulia kwamba Seymour aliketi nyuma yake akiwa ameinamisha kichwa ndani ya kasha la juu, akiomba, huku ibada ikiendelea pasipo ratiba. Kulikuwa na ibada asubuhi, adhuhuri na jioni, na mara nyingi ya asubuhi haikuisha kabla ya ile ya jioni kuanza. Hakukuwa na kwaya wala kupitisha kapu la sadaka; palikuwa na sanduku ukutani. Mtu yeyote aliyesikia kusukumwa na Roho alisimama na kushuhudia, akiwa mzee au mtoto, mwanamume au mwanamke.

Uhuru huu ndio uliowavuta watu, na ndio pia uliowakasirisha. Tarehe 18 Aprili 1906 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha habari iliyowadhihaki kama watu wa Babeli ya ajabu, wenye dini mpya ya vichaa, na lilimwelezea mhubiri kwa lugha ya dharau juu ya rangi yake na jicho lake bovu. Asubuhi ya siku ileile tetemeko kubwa la ardhi liliipiga San Francisco na kuua watu kwa maelfu. Bartleman aliandika kijikaratasi kuhusu tetemeko kama onyo la Mungu, kikagawanywa kwa wingi, na watu wenye hofu wakatafuta mahali pa kutubu. Majirani walilalamikia kelele za usiku, wachungaji wa mji wakaonya makanisa yao, na waandishi wa habari wakaendelea kuja kucheka. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha matarajio yao: kila makala ilitaja mtaa, na aliyetaka kuona alijua pa kwenda.

Kilichowakera watazamaji wengi, tukisoma kwa makini walichoandika, hakikuwa kunena kwa lugha peke yake. Walishangazwa kuona wazungu wakipiga magoti wakiwekewa mikono na weusi, wanawake weupe wakiomba bega kwa bega na wanaume weusi, na wote wakimtii mchungaji mweusi. Katika Marekani ya mwaka 1906, ambako mauaji ya weusi mikononi mwa makundi yalikuwa habari za kila mara, jambo hili lilikuwa hatari halisi kwa waliolifanya. Kamati ya viongozi ilikuwa na wanawake na wanaume, weusi na weupe. Bartleman, mzungu mwenyewe, aliandika baadaye kwamba mstari wa rangi ulikuwa umeoshwa kwa damu ya Yesu. Wahubiri wazungu kutoka Kusini walifika na kuingia katika mtihani huo huo: Gaston Cashwell wa North Carolina, alipokuja mwishoni mwa mwaka 1906, alishtuka kuwekewa mikono na kijana mweusi, akarudi chumbani kwake kushindana na nafsi yake, kisha akarejea kuomba weusi hao wamwombee.

Mgeni aliyetarajiwa kuliko wote alikuwa Parham. Seymour alikuwa amemwandikia kwa heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu, akimwomba aje kuongoza mikutano. Parham alifika Oktoba 1906 na alichokiona kilimchukiza. Alikemea miili kuanguka na sauti kupazwa, akazungumzia ushawishi wa kulogwa akili, na maandishi yake ya baadaye yanaonyesha wazi kwamba kuchanganyika kwa rangi ndiko kulikomuudhi zaidi. Wazee wa Azusa walimwambia kwamba hawamhitaji tena. Alifungua mikutano ya kushindana mjini humohumo na kuwavuta mamia kwa muda, ila haikudumu; mwaka uliofuata alikamatwa San Antonio kwa shutuma za kimaadili, kesi ikaachwa bila kusikilizwa, lakini sifa yake ilikuwa imevunjika. Gazeti la Azusa lilieleza kwamba mwanzilishi wa kazi hii ni Bwana mwenyewe na wala si mwanadamu.

Tamko hilo lilikuwa la imani, na sina shaka walilimaanisha. Hata hivyo liliacha pengo. Kabla ya Oktoba 1906 waumini wa Azusa walijihesabu kuwa tawi la huduma ya Parham, wakitumia jina lake la Imani ya Kitume. Baada ya hapo walikuwa kazi isiyo na mkuu mwingine ila Mbinguni. Mwaka 1907 walisajili kanisa kisheria na kuingia mkataba wa kulinunua jengo kwa dola 15,000, wakiwa na wadhamini. Jengo, basi, lilikuwa na hati. Sauti ya kanisa, yaani gazeti, ilibaki ikitegemea uaminifu wa watu wawili watatu.

Kabla ya kufika kwenye gazeti, ni lazima kuwakumbuka waliotumwa, kwa sababu gharama yao husahaulika. Alfred na Lillian Garr walikwenda Calcutta wakiamini wamepewa Kibengali. Walipofika waligundua kwamba wenyeji hawawaelewi. Garr hakurudi nyumbani. Alihamia Hong Kong, akaanza kujifunza Kichina kwa kitabu kama mmisionari mwingine yeyote, na huko wakamzika mtoto wao. Lucy Farrow na Julia Hutchins, yuleyule aliyekuwa amefunga mlango wa Santa Fe na sasa ameupokea ujumbe, walikwenda Liberia, na katika kundi lililokwenda huko wapo waliouawa na homa. John G. Lake na Thomas Hezmalhalch walifika Johannesburg mwaka 1908. Mke wa Lake alifariki kabla ya mwaka kwisha. Kanisa lililotokana na kazi yao lilianza kwa ibada ya pamoja huko Doornfontein, na katika muda mfupi likaamua kuwatenganisha weupe na weusi hata katika ubatizo wa maji. Fundisho la Parham kuhusu lugha za kimisionari lilikufa katika safari hizi, kimyakimya, bila mkutano wowote kulifuta.

Gazeti liliitwa The Apostolic Faith. Toleo la kwanza lilitoka Septemba 1906 kwa nakala 5,000, na katika mwaka uliofuata nakala zilipanda hadi makumi ya maelfu. Lilitolewa bure. Kwa kuwa Seymour alihubiri na kusafiri, kazi ya kuandika shuhuda, kuhariri na kutunza anwani ilikuwa ya Clara Lum, mwanamke mzungu mwenye ujuzi wa hati mkato, akisaidiana kwa muda na Florence Crawford. Mtu asiyeijua kazi ya namna hii anaweza kuidharau, lakini gazeti ndilo lililolifanya kusanyiko la mtaa mmoja kuwa kiungo cha watu waliotawanyika duniani. Barua za kuomba maombi zilikuja kwa sababu ya gazeti. Vitambaa vya kuombea wagonjwa vilitumwa kwa kujibu barua hizo. Misaada ya wamisionari ilipitia hapo. Thomas Ball Barratt, Mmethodisti wa Norway aliyekuwa New York mwaka 1906 akitafuta fedha za kanisa lake, hakuwahi kukanyaga Los Angeles. Alisoma habari za Azusa, akaandikiana na watu wa huko, akapokea ubatizo wa Roho mjini New York na kurudi kwao na moto huo, ambao kutoka Norway ulifika Uingereza kwa Alexander Boddy wa Sunderland na Sweden kwa Lewi Pethrus.

Tarehe 13 Mei 1908 Seymour alimwoa Jennie Evans Moore, yule aliyepiga kinanda Bonnie Brae. Lum hakukubaliana na ndoa hiyo. Sababu aliyoitoa yeye na wenzake ilikuwa kwamba kurudi kwa Bwana ku karibu mno kwa mtu kushughulika na kuoa. Wengine wamedai kwamba yalikuwapo maumivu ya moyo yaliyofichwa chini ya hoja hiyo. Mimi sioni faida ya kumchimba moyoni mtu aliyefariki zamani. Kilicho wazi ni tendo: aliondoka kwenda Portland, Oregon, kujiunga na Crawford, ambaye tayari alikuwa amejitenga na Azusa na kuanzisha kazi yake, na orodha za anwani za wasomaji wa ndani ya nchi na wa ng'ambo zikaenda naye. Gazeti likaendelea kutoka Portland kwa jina lilelile. Wasomaji wengi walioliamini wala hawakujua kwamba lililokuwa likifika mikononi mwao halikuwa tena la Seymour, na michango yao ikafuata anwani mpya. Seymour na mkewe walisafiri hadi Portland kuomba orodha hizo zirudishwe, hawakupewa.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Wa Portland waliweza kusema, na pengine kwa dhamiri safi, kwamba gazeti ni mali ya Bwana, kwa hiyo linakwenda anakoongoza Bwana. Hayo ndiyo maneno ambayo Azusa yenyewe ilikuwa imeyatumia dhidi ya Parham chini ya miaka miwili nyuma. Kusanyiko lililokuwa limekataa kuwa na mkuu wa kibinadamu halikuwa na chombo chochote cha kusuluhisha: halikuwa na mkutano mkuu wa kupeleka malalamiko wala mapatano ya maandishi kuhusu gazeti. Hata kwenda mahakamani kungekuwa aibu kwa watu waliosoma karipio la Paulo kwa Wakorintho kuhusu ndugu kushtakiana. Aliyeshika orodha ndiye aliyeshinda. Azusa ilijaribu kuchapisha tena, lakini bila anwani gazeti ni karatasi tu.

Pigo la pili lilikuja kwenye mimbari. William Durham, mchungaji mzungu wa North Avenue mjini Chicago, alikuwa amepokea ubatizo wa Roho Azusa mwaka 1907 na kumheshimu sana Seymour. Mwaka 1910 alianza kufundisha "kazi iliyokamilika": kwamba utakaso ulimalizika msalabani, na hakuna neema ya pili ya kungojea. Kwa watu wa Utakatifu, fundisho hili liling'oa jiwe la msingi. Mapema mwaka 1911, Seymour akiwa safarini mashariki, Durham alihubiri Azusa na jengo likajaa kama siku za kwanza. Seymour aliitwa arudi haraka, na tarehe 2 Mei 1911 mlango ukafungwa kwa kufuli ili Durham asiingie. Wengi wa waliokuwa wamejaa humo walimfuata Durham kwenye ukumbi mwingine. Durham alifariki Julai 1912, akiwa na umri wa miaka 39, lakini fundisho lake likakubaliwa na sehemu kubwa ya Wapentekoste weupe.

Sitaki kuwa mwepesi wa kumhukumu Seymour kwa kufuli lile, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amefungiwa nje mwaka 1906. Mchungaji anayo haki ya kuilinda mimbari aliyokabidhiwa. Ila ni kweli kwamba kati ya kumwachia Durham kila kitu na kumfungia nje hapakuwa na njia ya tatu, kwa kuwa hapakuwa na baraza la kulipima fundisho kabla ya umati kuchagua upande. Mwaka 1913, kwenye mkutano mkubwa wa Arroyo Seco nje kidogo ya mji, Seymour alikuwepo lakini hakuitwa jukwaani. Aprili 1914, wahudumu wapatao 300, karibu wote weupe, walikutana Hot Springs, Arkansas, na kuunda dhehebu la Kipentekoste la Assemblies of God.

Mwaka 1915 Seymour alitoa kitabu cha mafundisho na kanuni za kanisa lake. Humo alikataa kwamba kunena kwa lugha peke yake kunatosha kuwa ushahidi wa ubatizo wa Roho, akitaka upendo uonekane. Aliweka pia kanuni kwamba uongozi wa juu wa kanisa ushikwe na watu weusi, huku wazungu wakikaribishwa kuwa waumini na wahudumu. Maelezo yake ni kwamba alitaka kuzuia vurugu na mafarakano, na kwamba atakapoona mambo yametulia Mungu atafungua njia. Huu ndio ukurasa mzito kuliko yote katika kisa hiki: mtu aliyeonyesha kwa matendo kwamba ubaguzi unaweza kushindwa katika ibada aliandika kanuni ya rangi kwa mkono wake. Wanaomlaumu wanasahau mpangilio wa matukio. Darasa la Houston, matusi ya Parham, orodha za Portland na umati wa Durham vilikuja kwanza, na kila mara aliyechukua alikuwa mzungu. Kanuni ile ilikuja ikiwa imechelewa miaka saba, na ililinda kitu ambacho tayari kilikuwa kimeondoka.

Seymour alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 28 Septemba 1922. Jennie aliendelea kuchunga waumini waliobaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mtu mwingine alikuja na kujaribu kulichukua kanisa, shauri likafika mahakamani, na jengo likabomolewa mwaka 1931. Jennie alifariki Julai 1936.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaguswa na kisa hiki kwa njia ya moja kwa moja. Mkondo uliotoka kwa Barratt na Pethrus ndio uliowaleta wamisionari wa Kipentekoste wa Skandinavia Uvira, mashariki mwa Kongo, mwaka 1921, na wa Sweden Tanganyika mwaka 1932 na Burundi mwaka 1935. Kanisa la Free Pentecostal la Tanzania, lenye hospitali ya Nkinga huko Igunga, ni tunda la mkondo huo. Katika makanisa yetu ya kiroho, migogoro mingi ninayoisoma na kuisikia haianzi na fundisho. Inaanza na hati ya kiwanja iliyoandikwa jina la mtu mmoja, akaunti yenye sahihi mbili za mume na mke, au kituo cha redio ambacho hakuna anayejua ni cha nani mwanzilishi akifariki.

Hata hivyo ningekuwa nimelirahisisha jambo kama ningesema kwamba katiba nzuri ingeiokoa Azusa. Upo mfano wa kulinganisha. Charles Harrison Mason, mweusi kutoka Memphis, alikuja Azusa mwaka 1907, akapokea, akarudi na kutengana na mwenzake Charles Price Jones kwa sababu hiyo, kisha akabaki na jina la Church of God in Christ, lenye usajili, ngazi za uongozi na maaskofu. Kanisa lake halikupoteza mali wala sauti, likakua hadi kuwa moja ya makanisa makubwa ya weusi Marekani. Utaratibu ulilinda kile ambacho Seymour alikipoteza. Lakini haukumzuia hata mzungu mmoja kuondoka: wahudumu kadhaa weupe waliokuwa wakitumia vyeti vya kanisa la Mason walikuwa miongoni mwa waliokutana Hot Springs. Kwa hiyo Azusa iliugua magonjwa mawili kwa wakati mmoja, na dawa ya moja haikuwa dawa ya lingine. Ukosefu wa utaratibu ulieleza kwa nini vitu vilichukuliwa kirahisi. Rangi ilieleza kwa nini waliovichukua hawakuona haja ya kurudi.

Ugonjwa wa pili ulichukua muda mrefu zaidi kutajwa kwa jina. Mwaka 1948 madhehebu ya Kipentekoste ya Amerika Kaskazini yaliunda ushirika wao na kuwaacha nje Wapentekoste weusi, likiwamo kanisa la Mason. Ushirika huo ulivunjwa na wanachama wake wenyewe mjini Memphis Oktoba 1994, wakaanzisha mwingine wenye weusi na weupe ndani ya uongozi, na mwenyekiti wa kwanza aliyechaguliwa alikuwa Ithiel Clemmons, askofu wa Church of God in Christ.